Pembe Nane

Msimu wa pamba ukifunguliwa, Bariadi hupata weupe wa aina yake. Malori yanayokimbilia vinuni hudondosha nyuzi njiani, nazo hunasa kwenye miiba, kwenye nyaya za umeme, kwenye kofia za waendesha bodaboda, hadi mgeni asiyejua angedhani pamba humea angani. Fedha nazo hudondoka vivyo hivyo: mabati huku, sare za shule kule, pikipiki kwa aliyebahatika, na kwa kijana ambaye bado hana mke wala mabati ya kumnyima usingizi, saa ya mkono. Ndivyo nilivyomwona mmoja wao akiivua yake na kuiweka juu ya meza ya fundi, pembeni ya soko. Alianza na shikamoo kama inavyopasa, akapokea marahaba yake, kisha akasema kioo kimeingia mvuke. Saa ilikuwa ya kuvutia hasa. Kioo kimezungushiwa pete ya pembe nane, na kila pembe ina skrubu yake, na mkanda wa chuma umeshikana na kasha hata huoni kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Aliinunua kwa mtu aliyeitoa Kariakoo. Fundi akabana lenzi jichoni, akaigeuza, akaigeuza tena, akacheka kwa pua. “Mjukuu wangu,” akasema, “skrubu zako kila moja inatazama kwao.”

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Sijui kama mzee yule aliwahi kuishika ile ambayo saa ya kijana iliiga, lakini jicho lake lilitua palepale ambapo wajuzi wa Geneva hutua. Ile ya asili inaitwa Royal Oak. Ilitoka mwaka 1972 katika karakana za Audemars Piguet, kwenye kijiji cha Le Brassus huko Uswisi, na mchoraji wake ni Gérald Genta, aliyezaliwa Geneva mwaka 1931. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba aliichora kwa usiku mmoja, akikumbuka kofia ya shaba ya mzamiaji, ile ambayo kioo chake hukazwa kwa boliti ili bahari isiingie. Katika ile ya asili vichwa vya skrubu ni vya dhahabu nyeupe, vina pande sita, na kila kimoja kimekaa ndani ya shimo la pande sita linalokibana kisigeuke. Kukaza hufanyika kwa nyuma. Kwa hiyo mifereji ya vichwa vyote vinane imelala kwa mpangilio mmoja, ikifuata mzunguko wa pete, haipotoki hata kwa unywele. Ukija na bisibisi mbele ya saa hiyo utahangaika bure: kinachoonekana kama skrubu hakifunguki, na kinachofunguka hakionekani. Anayeiga huona skrubu, akaweka skrubu za kugeuka, nazo zikageuka kila moja kwa hiari yake.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Kwa saa hizi nathubutu kuwabishia. Mwenye macho huambiwa tazama, tena huambiwa mara nyingi, kwa uvumilivu, mpaka siku moja anaanza kuona, na akishaona hawezi tena kuacha kuona. Mimi mwenyewe tangu siku ile siangalii saa ya pembe nane bila kuchungulia mifereji. Naichungulia mikononi mwa makondakta, mikononi mwa watangazaji wa runinga, na hata kwenye picha za wageni rasmi waliopanda jukwaani Nane Nane pale Nyakabindi. Nimepewa elimu ambayo sikuiomba na ambayo haina faida yoyote kwangu, maana saa ya kweli ya aina hiyo sitaimiliki. Lakini elimu hiyo ndiyo saa yenyewe. Ondoa watu wanaojua kutazama mifereji minane, na Royal Oak inabaki kuwa kipande cha chuma kinachosema saa nne na robo.

Na chuma ndicho kilichowashangaza watu mwaka 1972. Saa ya fahari ilikuwa lazima iwe ya dhahabu, nyembamba, ya mkanda wa ngozi. Chuma kilikuwa cha askari na cha fundi bomba. Ikatoka hii, ya chuma, kubwa kwa vipimo vya siku zile, milimita 39, na bei yake, takriban franka 3,300 za Uswisi, ikazipita saa nyingi za dhahabu. Walioiona walidhani wenye karakana wamerukwa na akili. Kumbe chuma kilikuwa kigumu kukitengeneza kuliko dhahabu. Sampuli za mwanzo zilifanywa kwa dhahabu nyeupe kwa sababu ilikuwa laini zaidi kuichonga na kuing'arisha. Kila ukingo wa kasha lile hung'arishwa kando ya uso uliokwaruzwa kwa makusudi, mng'ao na ukungu vikikutana kwenye mstari mmoja mkali, na kazi hiyo humalizwa kwa mkono. Kilichouzwa ni jasho lililotiwa kwenye chuma. Huku kwetu, ambako chuma cha jembe hung'arishwa na udongo mweusi wa mbuga mpaka kikawa kama kioo, wazo hilo si geni, ila hakuna aliyewahi kuja kulilipia.

Mwaka 1976 Genta huyohuyo akachora nyingine, safari hii kwa Patek Philippe. Ikaitwa Nautilus, jina la chombo cha chini ya bahari katika riwaya ya Jules Verne. Nayo ina pande nane, lakini pande zenyewe zimelainishwa mpaka zikakaribia kuwa duara, na ubavuni ina masikio mawili, kwa kuwa imetokana na dirisha la meli linalofungwa kwa bawaba. Haina skrubu usoni. Royal Oak imekunja ngumi. Nautilus imefumbata kitu kiganjani. Mwaka uliofuata Vacheron Constantin wakatoa ya kwao, 222, mchoraji akiwa Jörg Hysek. Saa tatu, nyumba tatu zenye fahari kuu Uswisi, na mashabiki ambao hadi leo wanaweza kubishana mpaka chai ikapoa juu ya ipi ina roho. Sasa zifungue zile za mwanzo. Ndani ya zote tatu kuna mtambo wa asili moja, uliobuniwa na Jaeger-LeCoultre, unaojijaza wenyewe mkono unapotikisika, wenye unene wa milimita tatu na kidogo pamoja na tarehe. Kila nyumba iliupamba kivyake na kuupa namba yake. Ni mama mmoja. Methali inatuonya juu ya uzuri wa mkakasi, kwamba ndani ni kipande cha mti, kana kwamba ukweli siku zote umejificha ndani na uso ni wa kudanganya. Hapa mambo yamepinduka: ndani ni kulekule, na tofauti yote, ile wanayoilipia kwa bei ya nyumba, imekaa juu ya ngozi.

Usukumani jambo hili halihitaji maelezo mengi, kwa sababu tuna Bagika na Bagalu. Masimulizi yanasema palikuwa na waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana nani ana dawa kali zaidi. Maneno yakashindwa kuamua, wakakubaliana waamue kwa ngoma. Tangu hapo wacheza ngoma wa Kisukuma wamegawanyika pande mbili, na baada ya mavuno hukutana, pande zote zikicheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila upande ukijaribu kuuvuta umati. Hakuna majaji wenye kalamu. Umati ukihama kutoka huku kwenda kule, ngoma ya huku imekufa. Kwa hiyo kila mmoja huja na hila yake: huyu anacheza na majembe yakirushwa na kudakwa, yule ameleta nyoka, mwingine anaingia na fisi. Mgeni kutoka Dar es Salaam ataona vumbi na ngoma tu, akasema zinafanana. Mwulize bibi aliyeketi chini ya mti pale uwanjani. Atakuambia yeye ni wa upande gani, na mama yake alikuwa wa upande gani, na ni kwa nini upande wa pili haujawahi kujua kucheza.

Soko la saa za fahari linakwenda kwa sheria ya uwanja ule. Mwaka 2021 Patek Philippe walitangaza kwamba wanaacha kutengeneza Nautilus ya chuma yenye namba 5711. Umati ukahama ghafla. Desemba mwaka huohuo, 5711 moja ikapigwa mnada New York na kununuliwa kwa dola milioni 6.5, fedha zikaenda kwenye hifadhi ya mazingira. Chuma chake kilikuwa chuma kilekile, na mtambo wake haukuwa tofauti na wa 5711 nyingine za miaka hiyo. Uso ndio ulipakwa buluu ya duka la Tiffany, ukaandikwa jina la duka hilo, na zikaahidiwa saa 170 tu za namna ile. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: siku hizi mtu mwenye fedha taslimu huingia dukani akaambiwa asubiri, ajiandikishe, anunue kwanza vitu asivyovitaka, ndipo labda. Sultani Qaboos wa Oman aliujua mchezo huu mapema, tena kwa adabu zaidi. Miaka ya 1970 aliagiza Rolex, kupitia duka la Asprey la London, zikiwa na nembo ya hanjari usoni, akawa anawatunuku waliomtumikia. Rolex yenye hanjari na Rolex isiyo na hanjari zinapima sekunde sawasawa. Lakini ile moja haikuwa inauzwa. Ilitoka mkononi mwa mtu ikaingia mkononi mwa mtu. Leo wakusanyaji wanazitafuta hizo hanjari kuliko wanavyotafuta dhahabu, na mtu aliyepewa kwa heshima, mtoto wake huenda akaiuza kwa heshima ileile ikiwa imegeuzwa kuwa dola. Kati ya tofauti zote nilizozitaja, hiyo ya hanjari ndiyo ninayoiheshimu.

Nimesema tofauti imekaa juu ya ngozi. Wapo watakaonikatalia, waseme hata chuma kinatofautiana, na watakuwa na haki. Saa nyingi nzuri hufanywa kwa chuma kinachoitwa 316L, chenye nikeli ya asilimia 10 hadi 14. Rolex tangu mwaka 1985 walianza kutumia kingine, 904L, ambacho nikeli yake hufika asilimia 23 hadi 28, pamoja na kromiamu na molibdenamu zaidi na shaba kidogo. Kinahimili asidi na chumvi kuliko kile cha kwanza, na kikisuguliwa hutoa mng'ao mweupe wenye kina, ingawa huwatesa wachongaji na kumaliza ncha za mashine zao. Kwa macho ya kawaida huwezi kuvitenganisha. Sufuria nzuri ya chuma kisichoshika kutu nayo ina nikeli, karibu asilimia 8 mpaka 10. Kwa hiyo tukipanga sufuria, saa ya fahari na saa ya fahari zaidi kwenye mstari mmoja, sehemu kubwa ya kinachoongezeka kadiri tunavyosogea ni nikeli.

Sasa toka Bariadi, shika barabara ya kwenda Lamadi. Utapita Dutwa. Huko kuna kilima cha Wamangola, na upande wa Busega kuna Ngasamo, vilima ambavyo mbuzi huvipanda na watoto huvishuka bila kuvifikiria. Ndani yake kuna nikeli. Kampuni ya London iliyoitwa African Eagle Resources ilikuja kuvitoboa mwishoni mwa miaka ya 2000, ikapeleka sampuli, ikatangaza mamilioni ya tani za udongo wenye nikeli, ingawa ni kidogo, chini ya asilimia 1. Mkoa wa Simiyu wenyewe ulikuwa haujazaliwa; ulimegwa hasa kutoka Shinyanga mwaka 2012, na kampuni hiyo, iliposhindwa kupata fedha za kuendelea, ikajiondoa bila kuacha mgodi. Penye miti hapana wajenzi, tungesema, na wengi wamesema. Mimi methali hiyo naiona imekuwa nyepesi mno hapa. Hata kama kila kijiko cha udongo wa Wamangola kingeyeyushwa, kati ya udongo huo na saa iliyopo dirishani Geneva kuna tanuru, kuna asidi, kuna mchongaji mwenye miaka ishirini ya kunyoosha ukingo mmoja, na zaidi ya yote kuna umati unaokubaliana kutazama. Nikeli ndiyo sehemu rahisi. Umati ndio madini adimu, na haujawahi kupimwa kwa kutoboa kilima.

Kinachonichekesha ni kwamba saa hizi zote huitwa za michezo, na karibu zote ama zilizaliwa kazini ama ziliazima sura ya kazi. Submariner ya Rolex, ya mwaka 1953, ni chombo cha mzamiaji. Pete yake katika matoleo ya sasa huzunguka upande mmoja tu, na kuna sababu. Mzamiaji huielekeza alama penye mshale wa dakika anapozama. Pete ikigongwa na jiwe ikasogea, itamdanganya kwamba amekaa chini muda mrefu kuliko ukweli. Atapanda mapema, ataishi. Ingezunguka pande zote, ingeweza kumdanganya kwamba bado ana hewa. Ni uongo mmoja uliochaguliwa badala ya mwingine, na uhai wa mtu ukaning'inia hapo. Leo wanaoivaa wengi hawazami zaidi ya kina cha beseni. Ukitaka kuiona ya kweli katika eneo letu, simama Lamadi, karibu na lango la Ndabaka, uangalie magari ya watalii yakielekea Serengeti: mkono umelala dirishani, pete inameta, vumbi letu linaigusa kwa dakika moja, kioo kinapandishwa.

Daytona, ya mwaka 1963, ni ya mbio za magari. Pete yake imeandikwa namba za kupimia mwendo: bonyeza kitufe gari linapoanza kilomita, bonyeza tena linapomaliza, mshale utakuambia lilikwenda kilomita ngapi kwa saa. Kanda ya Ziwa mchezo unaotoa watu majumbani ni mbio za baiskeli, na siku moja niliwaza jinsi ingekuwa kusimama kando ya lami na Daytona mkononi, wale vijana wenye mapaja ya mpingo wakipita. Nikagundua isingefaa kitu. Namba za pete ile zinaishia 60, maana yake kilomita yoyote inayochukua zaidi ya dakika moja haimo kwenye hesabu yake. Mpanda baiskeli anayekwenda kilomita 40 kwa saa, mwendo ambao mimi siwezi hata kuuota, anachukua sekunde 90. Kwa saa ile ya mamilioni, mtu huyo na jasho lake lote ni kama hajaanza kutembea.

Wakati huohuo, kazi ambayo saa za kazi zilitengenezewa, vumbi, maji, mitikisiko, ng'ombe wanaokanyaga, inafanywa hapa na saa za plastiki. Casio ile ndogo nyeusi, F-91W, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, inaahidi kutokosea zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi, yaani kama sekunde moja kwa siku, na Rolex wanajisifu kwa sekunde mbili. Ni Wajapani walioleta usahihi huo wa bei nafuu. Siku ya Krismasi ya 1969 Seiko walitoa Astron, saa ya kwanza ya mkono iliyoongozwa na jiwe la kwatzi, na ndani ya miaka kumi na tano hivi ajira za viwanda vya saa Uswisi zikaporomoka kutoka takriban 90,000 hadi karibu 30,000. Hapo ndipo saa ya Uswisi ilipoachiliwa kutoka kwenye wajibu wa kusema muda. Haikuwa na budi ila kusema jambo jingine, na tangu hapo kila modeli imekuwa ikitafuta jambo lake la kusema: mimi nilizama, mimi niliruka, mimi nilikimbia, mimi nina pembe nane.

Pamoja na hayo yote, ningepewa nafasi ya kuchagua moja, jibu ninalo. Ningechagua GMT-Master, ambayo Rolex waliitengeneza katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya marubani wa Pan Am. Kwa mbali ni pacha wa Submariner, lakini pete yake huzunguka pande zote mbili, kwa kuwa hakuna atakayekufa ikisogea, na ina mshale wa nne unaoizunguka saa mara moja tu kwa siku nzima, ukisoma mizani ya saa 24 iliyo kwenye pete. Rubani aligeuza pete ili ajue ni saa ngapi kule alikotoka. Sisi tumekuwa tukifanya safari hiyo bila ndege. Wazungu wanaanza kuhesabu usiku wa manane, sisi jua likichomoza, na kila mtu hapa Bariadi mwenye saa mkononi huona saba akasema moja bila hata kujihisi kwamba amepiga hesabu. Basi ningeigeuza pete ile hatua sita. Jogoo akimaliza kazi yake na mshale wa nne kufika mahali pa saba, ungesoma moja. Adhuhuri ungesoma sita. Ingekuwa saa ya Uswisi inayojua saa zetu, hadi magharibi tu, kwa sababu giza likiingia ingetangaza saa kumi na tatu. Kasoro hiyo ningeivumilia, nikawa natoa kumi na mbili kichwani kila jioni, kama ambavyo tumezoea kutoa sita asubuhi.